Kisutu Hakipo, Nami Niko Madina

Jang'ombe, Unguja
Jumatatu, 6 Aprili 2026

Mwanangu Nadra,

Assalaam alaykum. Vipi afya yako huko Kigali? Kifua kimeachia, au bado baridi inakuchezea? Na unakula chakula cha maana, au ni kahawa tu na biskuti? Sisi wazima, namshukuru Mola. Mguu wangu wa kushoto ndio una maneno yake, lakini leo hata mguu siusikii. Kaa kitako kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Jina langu limetoka. N'nakwenda Hija!

Wallahi ni kweli. Miaka kumi na tisa naomba, tangu baba yake Tahiya yu hai, na juzi baada ya Alasiri napigiwa simu na taasisi: nafasi ipo, safari tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Nilikuwa natwanga singo ya kuwasugulia maharusi. Nikasujudu pale pale jikoni, unga wa karafuu umenijaa usoni, Tahiya akaingia akapiga ukelele akidhani mama yake kaanguka.

Sasa sikiliza dhiki yangu. Nakuelezea upya kama hujui kitu, maana ulisema nyinyi watu wa kompyuta ndivyo mnavyotaka. Oda ya sanduku la bibi harusi ikiingia mtandaoni, kutoka Dar, Mombasa au Maskati, inaingia kwenye simu yangu. Mimi nampigia Khatib dukani kwake Mkunazini atenge kisutu, kanga ya bibi harusi. Nampigia Bi Sichana kule Kendwa asuke mkeka wenye jina la bibi harusi. Namwambia Tahiya apike udi. Halafu nampigia tena Khatib, kasahau. Halafu Sichana ananiuliza Khatib katenga? Kila kitu kinapita kwangu. Shaaban nililala homa siku nne, na yule mtoto wa Mtoni akaolewa kwa mkeka wa kuazima. Aibu ile hainitoki.

Nimewapa wenzangu khabari ya Hija, wakapiga vigelegele, kisha Sichana akasema, "Hongera shoga, ila wewe ukipanda ndege na sanduku limekufa." Msimu wa harusi ndio huu. Nitatufuje huko Makka na moyo wangu uko Mkunazini?

Siku ya Sikukuu, tulipokuwa tunakula, ulisema kuna namna ya kupanga kazi kila mtu akajua lake bila ya kupigiwa. Nitengenezee hiyo, mwanangu, kabla ya tarehe kumi na moja. Na uniandikie, usinipigie. Kwenye simu nasema ndiyo, ndiyo, na nikikata sijui nimekubali nini. Tahiya atapiga picha barua zangu, na zako atazichapisha hapo stesheneri nizisome kwa miwani.

Nijibu upesi.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanakheri


Kigali
Alhamisi, 9 Aprili 2026

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma picha zote tano nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa kama ulivyoniamuru. Nimelia ofisini, mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, shangazi yangu anakwenda Makka. Naye akalia.

Nitakutengenezea. Nina wiki nne, na kazi hii ndiyo niliyokuwa naitamani tangu nasoma chuo Tunguu.

Shangazi, leo wewe unatoa amri: Khatib tenga, Bi Sichana suka. Mfumo nitakaoujenga hautoi amri. Unatangaza lililokwisha kutokea, basi. "Oda imeingia." Khatib anasikia, anatenga. Bi Sichana anasikia wakati huo huo, anasuka. Khatib akimaliza anabonyeza, na tangazo jengine linatoka: "Kisutu kimetengwa." Tahiya akishasikia kisutu, mkeka na singo vyote vitatu, anafunga sanduku. Hakuna anayemngojea mtu wa katikati.

Matangazo yote yanaandikwa kwenye daftari moja. Daftari hilo halifutwi, linaongezwa chini tu. Mtu akikosea, hatupaki wino juu ya kosa, tunaandika chini yake kilichotokea baadaye.

Naomba kitu kimoja. Niandikie kazi yenu yote, lakini usiandike "namwambia Khatib". Andika kilichotokea tu. Nimekuchorea mchoro uuone.

Mtoto wako,
Nadra


Jang'ombe
Jumatatu, 13 Aprili 2026

Nadra mwanangu,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua imefika, nimeisoma mara tatu.

Nisikufiche. Mchoro wako niliugeuza juu chini nikijitafuta. Khatib yumo. Sichana yumo. Tahiya yumo. Hata boti imo! Mimi je? Nikasema moyoni, mtoto huyu niliyemfundisha Juzuu Amma kwa mkono wangu, leo ananitoa kwenye kazi niliyoianzisha kwa kinu changu? Nikaikunja karatasi nikaitia chini ya msala.

Kisha Jumamosi akafariki jirani yetu wa nyuma, Mungu amrehemu. Msikiti ukatangaza: fulani katutoka, maziko baada ya Adhuhuri. Basi, maneno hayo tu. Nikasimama dirishani nikaangalia. Wale vijana wa majembe wakapita. Mwenye masufuria makubwa akayatoa uani. Anayeshona sanda alishatia uzi sindanoni. Mwengine anapeleka mikeka, mwengine anakwenda kuwapokea wa shamba. Hakuna aliyetumwa, na imamu hakumpigia mtu simu. Nikasema subhanallah, ndicho alichokiandika Nadra! Nikakimbilia kuitoa karatasi. Nisamehe kwa mfano wa msiba, lakini mimi ndipo nilipofahamu hapo, na tangu hapo sishikiki, nimewaeleza mpaka wauza ndizi.

Haya, yaliyotokea ni haya: oda imeingia. Kisutu kimetengwa. Jina la bibi harusi limesukwa. Mkeka umeshonwa. Singo imetwangwa. Udi umepikwa. Sanduku limefungwa. Limepanda boti. Limepokelewa. Na kuna moja la aibu, sijui kama unaliweka: kisutu hakipo. Huwa kinakwisha.

Ila nina ombi. Niweke na mimi mahali nisikie yote. Sitasema neno. Nitasikia tu.

Nijibu.

Shangazi,
Mwanakheri


Kigali
Jumapili, 26 Aprili 2026

Shikamoo Shangazi,

Mfano wako wa msikiti nimewasomea wenzangu hapa. Mkubwa wetu wa kazi ameuandika ukutani, chini yake kaandika "Bi Mwanakheri, Zanzibar". Umeshakuwa mwalimu wa kompyuta Kigali.

"Kisutu hakipo" nimeiweka. Na wewe nimekuweka, unasikia yote.

Lakini nimefedheheka. Tumeanza tarehe kumi na sita kwa oda moja ya bibi harusi Ummy, na kwenye daftari naona mikeka miwili imeshonwa. Oda moja, mikeka miwili! Siku tatu natafuta kosa langu. Katika mifumo hii kuna ugonjwa mmoja: tangazo linaweza kufika mara mbili kwa mtu yule yule, mtandao ukikatika katikati. Nikadhani ndio huo. Sasa kila tangazo nimelipa namba yake, ili simu ya Bi Sichana ikisikia namba ile ile mara ya pili inyamaze. Nimelijaribu mara mia nne, halirudii.

Mpe pole Bi Sichana kwa kazi ya bure. Kosa ni langu.

Nadra


Jang'ombe
Jumatano, 29 Aprili 2026

Mwanangu Nadra,

Salamu nyingi. Acha kutafuta. Kosa si lako wala la mtandao. Kosa limekaa hapa linakuandikia.

Nilimpigia.

Mwanangu, simu yake ililia "Oda imeingia, bibi harusi Ummy", mimi nikasikia kwenye yangu, nikafikiri: hivi ndivyo? Mtu mzima wa Kendwa, ana wajukuu, anapewa kazi na kidude bila ya salamu, bila ya kuulizwa kaamkaje? Nikaona ni utovu wa adabu. Nikampigia, tukasalimiana, nikamuuliza na mawifi zake, nikamwambia, "Basi shoga, kuna mkeka wa Ummy." Akajibu "inshaallah", nami nikakata simu, moyo wangu mweupe.

Jana nimekwenda mwenyewe Kendwa. Nakuta mikeka miwili imetundikwa uani, yote imeandikwa Ummy, nyekundu na zambarau, mizuri ajabu. Nikamuuliza:

"Sichana, mbona miwili?"

"Mmoja wa mashine, mmoja wako."

"Wangu wa nini?"

"We si umenipigia? Nikajua mashine ina oda yake na wewe una yako. Nikawagawia mawifi ukili wasuke, tumekesha kama tunakimbizwa. Tena mwambie huyo mtoto wa kaka yako, mashine yake haina adabu. Yasema tu 'oda imeingia' kama polisi."

Tulicheka mpaka mawifi wakatoka ndani. Mkeka wenye jina haumfai mwengine, kwa hiyo Ummy kapata yote miwili, mmoja wa kutandika, mmoja wa ukutani, na mama yake ati kafurahi kupita kiasi.

Basi fanya hivi: mashine isalimie. "Assalaam alaykum Bi Sichana, umeamkaje?" ndiyo iseme khabari yake. Na mimi nimeweka nadhiri mbele ya Sichana: simpigii mtu kwa ajili ya sanduku. Zimebaki siku kumi na mbili. Shanga zangu za tasbihi nimeshazitia mkobani.

Mwanakheri


Kigali
Alhamisi, 7 Mei 2026

Shikamoo Shangazi,

Nilicheka mpaka machozi. Siku tatu natafuta mdudu kwenye mashine, kumbe mdudu ni shangazi yangu!

Sasa inasalimia. Asubuhi inasema "umeamkaje", jioni inasema "umeshindaje". Bi Sichana kaijibu kwa sauti, Tahiya kanitumia: "Mi mzima, wewe je?" Nafikiria kuipa jibu.

Khabari kubwa ni hii. Jumatatu na Jumanne Kendwa haikuwa na umeme, simu ya Bi Sichana ikafa. Oda mbili zimeingia, na wewe hukumpigia, Tahiya kaniambia. Jumatano simu ikapata moto, na matangazo yote yakamfikia kwa mpango wake, la kwanza kwanza, la pili pili. Hakuna lililopotea. Huku nyuma Khatib alishatenga vyake, hakumngoja. Aliyelala akiamka anakuta khabari zake zinamsubiri. Na akija mtu mpya, anaongezwa kwenye kusikia, wengine hawaguswi.

Nenda, Shangazi. Nenda na moyo wote. Niombee nami.

Nadra


Madina
Jumapili, 17 Mei 2026

Nadra mwanangu, tunda la kaka yangu,

Assalaam alaykum kutoka mji wa Mtume, rehema na amani zimshukie. U mzima? Mimi mzima wa afya, mguu umenyamaza tangu nishuke ndege. Mwanangu, sina maneno. Sakafu ya msikiti ni baridi kama maji ya mtungi, na watu wa kila rangi, na mtu usiyemjua anakupa tende mkononi anakwenda zake. Nimekutaja kwa jina, na baba yako, na marehemu wote. Na Sichana kanibebesha dua ishirini kwa orodha.

Lakini nitakwambia jambo, wewe peke yako.

Kila sanduku linapofanya kitu, simu yangu inalia. Singo imetwangwa, nafurahi. Udi umepikwa, nafurahi. Nasikia tu, kama nilivyoahidi. Jana tunapanga safu kuingia Raudha, mahali pa dua karibu na kaburi la Mtume, saa ambayo nimeililia miaka kumi na tisa, simu ikatetema. Ni oda ya bibi harusi wa Tanga, harusi Ijumaa hii. Nikasoma: KISUTU HAKIPO.

Nadra mwanangu! Nikaona ile aibu ya Mtoni inarudi, tena mimi sipo. Kidole kilishafika kwenye jina la Khatib. Nikakumbuka nadhiri, nikaizima simu kabisa, nikaingia. Nimefika Raudha, nimenyanyua mikono, na kinachonitoka kinywani ni nini? Ni kisutu! Mimi, mahali pale, namuomba Mola kisutu cha watu wa Tanga! Wanawake pembeni yangu wanalia kwa mapenzi ya Mtume, na mimi nalia kwa kanga.

Nimetoka nimejiinamia. Sijala sawasawa. Simu sijaiwasha, naogopa nadhiri yangu, nikiiwasha nitampigia. Picha za barua hii anapiga Bi Maisara, tunalala naye chumba kimoja, kwa simu yake.

Niambie kweli. Sanduku la Tanga limeharibika? Nimpigie Khatib? Nikikosa hili nitakwenda Arafa nikiwa bado niko Mkunazini. Nijibu kwa simu ya Maisara haraka, haraka sana.

Mwanakheri


Kigali
Jumatano, 20 Mei 2026

Shikamoo Shangazi,

Usimpigie Khatib. Nisamehe kwa siku tatu za kimya, nilitaka nikujibu nikiwa na la mwisho mkononi. Nimelipata leo.

Nakusomea daftari kama lilivyo, sijaongeza neno. Ni khabari za Jumamosi, saa za Unguja.

Saa nane na dakika ishirini: kisutu hakipo.
Saa nane na dakika thalathini na nne: kisutu kimetengwa.

Dakika kumi na nne, Shangazi! Ulipokuwa kwenye safu. Ulizima simu ukiwa umesikia la kwanza, hukungoja la pili.

Imekuwaje? Bwana Mmanga, yule mwenye duka la kanga Darajani, aliomba kusikia na yeye, nikamuongeza baada ya wewe kuondoka. Anasikiliza tangazo moja tu: kisutu hakipo. Alilisikia, akafungua kabati, akabonyeza. Khatib hakumpigia. Tahiya hakumpigia. Bi Sichana mpaka leo hajui kama kulikuwa na tatizo, alikuwa anashona mkeka wake. Jumapili sanduku likafungwa, Jumatatu likapanda boti, na leo saa tatu asubuhi: limepokelewa, Tanga. Mama wa bibi harusi kaandika, "Nyumba nzima inanukia Unguja."

Nami nina la kukuungamia. Asubuhi uliyopanda ndege nilibadilisha kitu bila ya kukijaribu, mfumo wote ukasimama kwa muda wa saa nne. Nilikuficha. Nilijiona nimekuharibia Hija yako. Nilipourudisha, matangazo yote yalikuwepo yamejipanga yananisubiri, yakaenda kwa wenyewe mmoja mmoja. Bi Sichana alidhani ni siku ya oda chache.

Sanduku limefika, Shangazi, na wewe hukufanya kitu.

Nadra


Makka
Ijumaa, 22 Mei 2026

Mwanangu Nadra,

Assalaam alaykum warahmatullah. Vipi afya yako, na baridi ya Kigali? Mimi nimetufu, nimesai, nimekunywa Zamzam mpaka tumbo linalia kama mtungi, na nimefurahi furaha ambayo sikuwahi kuijua.

Barua yako Maisara kanisomea kwa sauti, maana miwani nilikuwa nimeiacha chumbani. Alipofika pale, "wewe hukufanya kitu", akasita, akanitazama usoni akidhani nitakasirika. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Mara ya tatu tukaanza kucheka sote wawili, na Bi mmoja wa Kituruki naye akacheka hajui tunacheka nini.

Miaka mingi nilidhani nikikaa kimya kila kitu kitasimama. Nilikuwa nachoka, lakini nisikufiche, nilikuwa napenda. Kupigiwa simu, kuulizwa, "Bi Mwanakheri tufanyeje?" Na kule Raudha nimeona gharama yake.

Saa zako nne nimekusamehe, tena sikujua kama nina la kukusamehe. Usifiche tena. Na Mmanga umlete kwetu siku moja ale biriani, nilikuwa simsalimii kwa sababu ni mpinzani wa Khatib, astaghfirullah.

Leo nimeiwasha simu. Khabari ishirini na tatu zilikuwa zinanisubiri, zimejipanga vizuri, kila moja na salamu yake. Nimezisoma kumi. Hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nyengine sikuzisoma.

Basi nina ombi, na nakuandikia mwenyewe, picha nimepiga mwenyewe. Jumatatu tunakwenda Mina, Jumanne Arafa. Niondoe kwenye wasikilizaji. Nisisikie oda, wala mkeka, wala kisutu kipo au hakipo. Wewe ulisema mtu anaongezwa na wengine hawaguswi, basi na kuondolewa nafikiri ni hivyo hivyo. Tahiya usimwambie mpaka umeshafanya, atadhani nimepata homa.

Sitaki barua ndefu. Neno moja tu, "nimekuondoa". Nijibu kabla ya Jumatatu.

Shangazi yako,
Mwanakheri